Mwalimu wa Uyoga Wenye Tundu

Kama hujawahi kuambiwa "usipumue" na mtu anayekutakia mema, basi hukufundishwa na Mwalimu wetu wa biolojia pale shule ya jioni, Voi. Akifungua bahasha moja ya uyoga mkavu, darasa zima lilishika pumzi, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, mpaka macho yanatutoka kama ya vyura. Alifungua mikunjo ya karatasi kwa ncha za vidole, akainama, na kabla hajatueleza lolote aliusalimia ule uyoga. "Haya, umeamkaje?" Uyoga mkavu kama karatasi unaulizwa umeamkaje, na sisi tulioingia darasani tumechoka kama punda wa maji hatujaulizwa kitu.

Mama huyu alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo waulizeni watu wa kwao huko milimani. Mimi ni fundi wa pancha pale Miasenyi, kando ya barabara kuu, na nina cheti cha kidato cha nne nilichokipata nikiwa na watoto wanaosoma darasa moja juu yangu. Shule yetu ndiyo ile ya watu wazima, watu huiita gumbaru wakicheka. Wacheke. Mimi nikiziba pancha najua hewa ni gesi gani na gani, na deni la hilo nadaiwa na Mwalimu peke yake.

Uyoga wa kwanza wa mkusanyiko wake ulikuwa na safari yake. Zamani za ukoloni kulikuwa na mzungu mmoja wa misitu huko juu milimani, aliyekuwa akiwaagiza akina mama wa Kitaita wamletee kila uyoga waliouona msituni. Akaujaza kwenye bahasha, bahasha kwenye masanduku, kisha akarudi kwao akauacha. Masanduku yakahamishwa ofisi hadi ofisi, kila bosi mpya anayasukuma kwa mguu yaende kona nyingine. Mwalimu aliyakuta chini ya bati linalovuja, na ukungu wa milimani unaingia dirishani kama mwenye nyumba. Adui wa kwanza wa uyoga mkavu ni unyevu. Basi aliomba lori lililokuwa likipeleka kabichi sokoni, akayaketisha masanduku juu ya kabichi, akaketi yeye juu ya masanduku, akateremka nayo Voi.

Kwa nini Voi? Kwa sababu ya joto. Joto hili tunalolilaani kila siku, joto ambalo mtu anaweza kuchemshia chai juu ya boneti ya gari, yeye alilitaja kama vile wengine wanavyotaja bahari. Alipewa chumba cha nyuma katika jengo moja kuukuu la ofisi, paa la bati, dirisha moja, na hapo akapanga rafu. Tulipolalamika kwamba hakukaliki, alitujibu kwamba chumba hakikujengewa mtu, kimejengewa uyoga, na sisi tukitaka baridi twende Wundanyi tukaoze.

Mtu akikuambia kwamba waliokaa na vitu kama hivi huwa wapole na wanyenyekevu, mwambie aje Voi. Mwalimu wetu aliringa. Alitembea katikati ya barabara na pikipiki zikamzunguka. Alisema waziwazi, sokoni, kanisani, kwa daktari wa meno mdomo ukiwa wazi, kwamba hakuna mtu anayejua uyoga kumpita kuanzia Voi mpaka Wundanyi. Tukamuuliza, na upande wa Taveta je? Akafikiri kidogo. Akasema Taveta mjini wamo katika hesabu, lakini watu wa kijiji cha Mata bado hajaenda kuwashinda.

Kazi yake hasa ilikuwa vita na wadudu. Dumuzi wale wanaokula mahindi gunia zima ndio hao hao wanaokula uyoga mkavu, au ndugu zao. Unafungua bahasha unakuta unga tu, historia yote imekuwa unga. Dawa aliyoiamini ni baridi kali: bahasha zinafungwa kwenye plastiki, zinalazwa kwenye friza siku kadhaa, mdudu anakufa na yai lake linakufa. Lakini friza ya kwake haikuwepo. Basi alipatana na mwenye bucha jirani. Ukienda kununua maini, unakuta katikati ya mbuzi na matumbo kuna mifuko imeandikwa USIGUSE, UNALALA. Siku moja mteja mmoja kutoka Marungu alipimiwa nyama pamoja na mfuko mmoja, akaondoka nao. Mwalimu alimfuata mpaka nyumbani kwake, kwa mguu, kwenye jua lile. Mwenye bucha anasema alirudi na mfuko wake pamoja na sufuria ya maziwa aliyopewa na mke wa mteja kumtuliza, na bado alikuwa anaongea.

Alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu, ile ya wanaume, katika kwaya, na aliogopwa kwa kufunga mlango wa darasa dakika ile ile kengele inapolia. Lakini mvua za kwanza zikinyesha Jumamosi, Jumapili kwaya iliimba bila sauti ya tatu na mchungaji anajua sababu: Mwalimu yuko msituni, amepiga magoti, ila si kwa ajili ya sala. Na huyu mtu aliyepiga magoti mbele ya kila uyoga wa Taita hakuuweka mdomoni hata siku moja. Alisema unamtelezea. Tulicheka siku ile mpaka somo likaisha.

Sasa nifike kwenye tundu, maana bila tundu hamtaelewa kitu.

Kitabu chake cha kukaushia kilisema uyoga wa kuhifadhi ukaushwe mzima, usichomwe, usitobolewe, usikatwe ovyo. Aliyeutoboa ameuharibu. Hilo alilishika kama amri ya kumi na moja. Uyoga aliokusanya yeye mwenyewe ulikuwa safi, kofia nzima, mguu mzima, ungedhani umelala tu. Lakini ule wa zamani, wa yule mzungu, wote ulikuwa na tundu. Kila mguu wa uyoga umetobolewa kwa mshazari, karibu na chini, na mingine ilibaki na kipande cha uzi wa katani wenye fundo dogo. Hii ilitokana na akina mama. Waliagizwa walete uyoga, na wao wakaufanyia kile walichokuwa wakiufanyia wa kula: wakautunga kama shanga, fundo kati ya mmoja na mwingine ili usigusane, wakautundika juu ya jiko upate moshi. Ulipokauka ndipo wakampelekea mzungu uyoga wake.

Mwalimu aliuonea aibu uyoga huo. Kwake yeye aibu ilikuwa kitu kigeni, haikumkaa vizuri, ila kwa hili aliivaa. Aliuweka rafu ya chini kabisa nyuma ya pazia. Wageni wakija hakuuonyesha.

Katika darasa letu alikuwepo mama mmoja, mpishi wa hoteli ndogo karibu na stesheni, tuliyemwita Mama Sukuma kwa ajili ya sukumawiki zake. Kwenye sherehe ya kufunga muhula, pale pale kwenye jengo la uyoga, alipewa kazi ya kupika, na wageni walikuwa wengi kuliko nyama. Akatafuta cha kuongezea. Pazia lilikuwa wazi siku hiyo kwa sababu Mwalimu alikuwa akipangusa rafu. Mama Sukuma akaona uyoga mkavu, wenye tundu, wenye uzi wa nyumbani kabisa, akashukuru Mungu. Mwalimu aliingia jikoni akaukuta umelowekwa kwenye karai la maji ya moto.

Nimesikia radi za milimani, na sijasikia iliyofikia ile. Lakini Mama Sukuma hakuinama. Alijifuta mikono, akasema taratibu:

"Mwalimu, huu ulitungwa na mwanamke aliyetaka uliwe. Mimi nimeona mkono wa mtu wa kwetu. Ningejuaje ni wa kusomwa?"

"Huo mkono wa mtu wa kwenu ndio ulioniharibia kazi," Mwalimu akamjibu.

Uyoga uliokolewa, ukakaushwa tena juani, na kwa wiki nzima hao wawili hawakusalimiana. Tangu hapo pazia likawekewa kufuli.

Nilihitimu, nikarudi Miasenyi kwenye matairi yangu. Miaka ikapita. Nilikuwa nikisikia tu habari zake kwa madereva: Mwalimu amestaafu darasa ila hajastaafu chumba. Kisha mwaka huu, mvua zilipokaribia, akanipigia simu. Hakusalimia. "Fundi, bado una ile pikapu ya kusukumwa?" Nikasema siku hizi inawaka yenyewe, asubuhi. Akasema nije nayo Ijumaa.

Nilipofika nilielewa. Afisa wa majengo alikuwa ametaka chumba kile muda mrefu, aweke humo viti na mahema ya mikutano. Si mtu mbaya. Ni kijana wa milimani, shati lake limepigwa pasi mpaka linakata, na ana kawaida ya kusema "mama, tuelewane" kabla ya kukuambia jambo ambalo hamtaelewana. Wameafikiana hivi: Mwalimu alete mtaalamu kutoka hifadhi kuu ya mimea mikavu, Nairobi. Mtaalamu akisema mkusanyiko huu una maana, chumba kitabaki. Akisema hauna, uyoga mchache utachukuliwa na uliobaki utatupwa, na viti viingie jioni hiyo hiyo. Viti vyenyewe vilikuwa vimeshaletwa. Vilipangwa nje vikiwa vimepandana, vya plastiki, vyeupe, mnara juu ya mnara, na vijana wa kubeba wameketi kwenye kivuli chake wakitafuna miraa.

Mwalimu alikuwa amepungua mwili, lakini si maringo. Alinivuta kando. Aliniambia nianze na masanduku ya rafu ya chini, niyapakie kwenye pikapu, niyafunike kwa turubai.

"Yale ya tundu?"

"Mgeni asiyaone. Sitaki aanze kutuhesabu kwa makosa."

Nikayapakia. Nikafunika vizuri, maana amri ya Mwalimu haina umri.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, mwenye miwani, mkoba mzito na adabu nyingi. Alimwamkia Mwalimu shikamoo akikunja magoti kidogo, na Mwalimu akamwita Daktari tangu neno la kwanza. Mle ndani walifanya kazi muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni. Daktari alifungua bahasha baada ya bahasha kwa ncha za vidole vile vile kama Mwalimu, na nikamwona Mwalimu akimwangalia kama mama anayeangalia mkwe akisonga ugali: anangoja akosee, hakosei, anafurahi, hataki kuonyesha.

Alisifu kila kitu. Ulivyokaushwa, ulivyopangwa, usivyo na mdudu. Mwalimu akavimba mpaka nikaogopa vifungo. Halafu sifa zikaanza kupungua. Daktari alieleza kwa upole kwamba uyoga huu ni mzuri sana, lakini ni wa miaka ya karibuni, na kutoka milima hii hii wao Nairobi wanao wa kutosha wa namna hiyo. Thamani kubwa iko kwenye ule wa zamani, kwa sababu unaonyesha nini kiliota wapi kabla misitu haijakatwa, na siku hizi chembe kidogo kama punje ya chumvi inatosha kusoma ukoo wake. Akauliza kama hakuna wa zamani.

Mwalimu akasema hakuna wa kufaa.

Nje, afisa aliangalia saa. Daktari akafunga mkoba, akasema ataomba achukue sanduku moja au mawili, na mengine, kwa kweli, ni juu ya ofisi. Vijana wa viti wakasimama, wakajifuta vumbi. Nilimwona Mwalimu akishika ukingo wa rafu.

Daktari, nadhani kwa kutaka kumtuliza tu, akatoa simu. Akasema kuna kitu kimewasumbua wakubwa wake miaka mingi, na kwa kuwa Mwalimu anaijua nchi hii, labda amwonyeshe. Kuna uyoga mmoja huko kwenye hifadhi, wa zamani sana. Uyoga wa aina hiyo ni huo mmoja tu duniani, haujaonekana mwingine popote. Jina la kitaalamu unalo, lakini kwao hapajulikani. Lebo yake inasema tu Afrika Mashariki, basi. Wamewahi kuutafuta Usambara, wamewahi kuutafuta mlima Kenya.

"Na una jambo la ajabu," akasema. "Aliyeukausha aliutoboa."

Mwalimu alichukua simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa. Kwenye picha kulikuwa na uyoga wa kahawia, umejikunja, na kwenye mguu wake tundu la mshazari, chini kabisa, na ndani ya tundu kipande cha katani chenye fundo.

Nilisubiri aseme. Badala yake alianza kucheka. Kicheko kilianza chini tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, mpaka Daktari akadhani ni machozi na akamshika mkono.

"Miaka yote hii," Mwalimu akasema, "nimekuwa nikificha sahihi ya akina mama wale."

Kisha akageuka, na sauti ile ya radi ikarudi mahali pake.

"Fundi. Shusha masanduku."

Niliyashusha kama mwizi anayerudisha mali. Turubai likaruka, vijana wa viti wakanisaidia bila kuambiwa, na hata afisa akashika upande mmoja wa sanduku kisha akakumbuka cheo chake akaliachia. Mwalimu na Daktari waliketi sakafuni, ndiyo, sakafuni, na nguo zao nzuri. Bahasha zikafunguliwa. Tundu, tundu, tundu. Kila moja kwa mshazari, kila moja chini ya mguu, kila fundo limekaza upande ule ule. Daktari alizilinganisha na picha moja baada ya nyingine. Kwa watu wa sehemu nyingine, alisema baadaye, uyoga hukatwa vipande ukaanikwa mkekani. Hajawahi kuona mahali pengine watu wanaoutunga hivi.

Lakini kutungwa pekee hakutoshi, na Mwalimu ndiye aliyelisema hilo kabla ya Daktari. Lazima upatikane wa aina ile ile. Waliendelea kufungua. Jua lilikuwa limefika dirishani na chumba kilikuwa tanuri. Jasho lilitiririka mpaka kidevuni na hakuna aliyethubutu kulidondosha. Ndipo Mwalimu akafungua bahasha moja, akaisukuma kwa Daktari kwa kidole kimoja.

Kahawia. Umejikunja. Na kwenye bahasha, kwa wino uliofifia, jina la mlima: Mbololo.

Daktari alitoa hadubini ndogo ya safari mkobani, akachukua chembe kwa sindano, akatazama. Alitazama muda ambao mimi ningeweza kubadilisha matairi yote ya lori. Akampisha Mwalimu atazame. Wakapokezana, kisha wakapokezana tena. Vijimbegu vya uyoga, alinieleza Mwalimu zamani, vina sura kama watu walivyo na sura. Hivi vilikuwa na miiba midogo upande mmoja tu.

Daktari akainuka polepole. Akasema vipimo vya Nairobi vitathibitisha, lazima vithibitishe, ndiyo kazi ilivyo. Lakini yeye mwenyewe, kwa macho yake, hana shaka. Uyoga ule mmoja tu duniani ni wa Taita. Akamgeukia afisa, na adabu yake yote ikawa imesimama wima.

"Chumba hiki hakiguswi. Nitaandika leo."

Afisa alifungua mdomo. Nilingoja ile "mama, tuelewane" yake. Haikutoka. Alitazama masanduku, akatazama ule uyoga wenye uzi kwenye kiganja cha Mwalimu.

"Basi viti nivirudishe," akasema.

"Visirudi popote," akasema Mwalimu. "Vipange hapo nje."

Vijana wakavishusha vile viti kimoja kimoja kutoka kwenye mnara wake, wakavipanga safu safu kwenye vumbi. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Ukipanga viti Voi watu hudhani kuna mkutano wa siasa na huenda kuna soda. Mwenye bucha alikuja na aproni yake yenye damu. Wanawake wa mboga wakaja na vikapu. Wasafiri wakashuka kwenye basi kuuliza nani amefariki. Mimi nitasema mji mzima ulikuja, na anayebisha aniambie yeye alikuwa wapi. Afisa hakupata pa kusimama, akakaa safu ya mbele kama kila mtu.

Mwalimu alitoka, akasimama juani bila kanga kichwani. Aliinua uyoga ule kwa uzi wake wenyewe, uzi wa mwanamke asiyejulikana jina, ukaning'inia mbele yetu ukizunguka polepole. Hakutuambia tushike pumzi, lakini tuliishika.

"Swali la kwanza," akasema. "Nani hapa mama yake alikuwa akiutunga hivi?"

Kwenye safu ya mbele, taratibu, kwenye shati lile lililopigwa pasi mpaka linakata, mkono wa afisa ukapanda juu.